Kodi Siyo Bei ya Nyumba: Vidokezo 15 kwa Anayetafuta pa Kupanga Dar es Salaam

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na ukitafuta chumba utadhani wote wanakitaka kilekile unachokitaka wewe. Dalali anapiga simu: "Njoo haraka, kuna mtu mwingine anakuja saa nane." Unakwenda mbio. Unaona marumaru zinang'aa, dari ya jipsamu, madirisha ya aluminiamu. Unatajiwa kodi, unapiga hesabu ya kichwani, unasema hii nailipa.

Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Kodi anayoitaja dalali ni sehemu tu ya bei. Sehemu nyingine iko kituo cha daladala, kwenye mita ya Luku, kwenye dumu la maji, kwenye boda ya usiku na kwenye mkupuo wa kodi ya miezi sita. Bei halisi ya nyumba ni kile kinachotoka mfukoni mwezi mzima kwa sababu unaishi pale. Vidokezo hivi vitakusaidia kuijua kabla hujatoa hata shilingi.

1. Linganisha mwezi kwa mwezi, usilinganishe kodi kwa kodi

Chukua mfano wa vyumba viwili. Cha kwanza kiko karibu na kazini, kodi 200,000 kwa mwezi, daladala moja kwenda na moja kurudi. Cha pili kiko pembezoni, kodi 120,000, daladala mbili kwenda na mbili kurudi, halafu boda ya 1,000 kati ya nyumbani na kituoni, asubuhi na jioni.

Tangu nauli zilipopanda Desemba 2023, safari ya daladala isiyozidi kilomita 10 ni shilingi 600. Kwa siku 26 za kazi, mpangaji wa karibu anatumia 31,200. Wa mbali anatumia 62,400 kwa daladala na 52,000 kwa boda. Jumlisha sasa: chumba cha 200,000 kinamla mtu 231,200, na cha 120,000 kinamla 234,400. Kile cha bei poa kimezidi kwa 3,200, na bado hatujagusa saa za kusimama mlangoni mwa gari. Kama nyumbani mnatoka wawili, zidisha nauli kwa mbili uone mambo.

Hesabu hii inageuka kabisa kama riziki yako iko hukohuko pembezoni. Fundi cherehani mwenye wateja Mbagala, au mama lishe anayepika Gongo la Mboto, hana sababu ya kulipia ukaribu na Posta. Jiulize jambo moja tu: kila siku naenda wapi?

2. Kaipime foleni mwenyewe

"Hadi mjini ni dakika ishirini tu." Ni kweli, Jumapili alfajiri. Wewe nenda siku ya kazi. Fika kituo cha mtaa ule saa 12 asubuhi, panda gari kama vile umeshahamia, tazama saa ukishuka. Jioni, saa 11, rudi kwa njia hiyohiyo.

Mwendokasi, ulioanza kazi 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, na matawi yake ya Morocco na Gerezani, umefanya nyumba zilizo jirani na vituo vyake zitafutwe sana. Ila kituo na kituo havifanani. Anayepandia Kimara Mwisho ana nafasi nzuri zaidi ya kupata kiti. Wa vituo vya katikati anaweza kupitwa na mabasi yaliyokwisha kujaa. Kama unalipia kodi ya juu kwa ajili ya mwendokasi, hakikisha kwanza utaweza kuupanda.

Anayefikiria Kigamboni ajue njia zote mbili: kivuko cha Magogoni, ambako mtembea kwa miguu hulipa shilingi 200, na Daraja la Nyerere lililofunguliwa 2016 upande wa Kurasini. Siku kivuko kikisumbua, utalihitaji daraja, na nauli yake ni nyingine.

3. Anza na fedha iliyoko mkononi

Kodi ya Dar hailipwi mwezi kwa mwezi. Miezi mitatu ni bahati, sita ni kawaida, mwaka si ajabu. Tuseme umepata chumba na sebule kwa 150,000. Miezi sita ni 900,000. Dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja, 150,000. Umefika 1,050,000 na bado hujalipia kirikuu cha kuhamisha vitu, kitasa kipya, mapazia, na balbu ambazo mpangaji aliyetoka ameondoka nazo zote.

Kima cha chini cha mshahara serikalini, tangu Julai 2025, ni 500,000. Maana yake mtumishi wa ngazi hiyo anahitaji mishahara miwili na ushee, bila kula wala kupanda gari, ili aingie kwenye chumba cha 150,000.

Kanuni ya haraka: chukua fedha uliyonayo leo, igawanye kwa saba na nusu. Sehemu sita ni za mwenye nyumba, moja ya dalali, nusu ya kuhamia. Mwenye 900,000 mkononi atafute chumba cha 120,000. Akipenda cha 150,000, asubiri kidogo, au atafute mwenye nyumba anayepokea miezi mitatu.

4. Dalali ana kazi yake, na wewe una yako

Dalali mzuri anakuokolea wiki nzima ya kuzunguka juani. Kubalianeni mapema mambo matatu: hela ya kuoneshwa ni kiasi gani na inahusu nyumba ngapi, malipo yake ni kodi ya mwezi mmoja au pungufu, na utamlipa lini. Jibu la mwisho ni rahisi: baada ya mkataba kusainiwa na funguo kuwa mfukoni mwako.

Bei isikie kutoka kwenye kinywa cha mwenye nyumba. Dalali anayekukwepesha usikutane na mwenye nyumba huenda ameweka cha juu, na cha juu hicho utakilipa kila mwezi. Na ukimsikiliza, msikilize kwa makini:

- "Dakika tano kutoka lami": kwa boda, dereva akiwa na haraka.
- "Maji yapo": bomba lipo.
- "Wapangaji wawili tu": wawili kwa upande huu wa korido.
- "Mazingira tulivu": leo ni Jumanne, subiri Ijumaa usikie spika za baa.
- "Nyumba mpya kabisa": fundi bado yumo ndani.

Kabla hujampigia dalali, pita mtaani mwenyewe. Mangi wa duka, mama wa genge na vijana wa kijiwe cha boda wanajua nani anahama mwezi ujao kabla hata mwenye nyumba hajajua.

5. Jua unayempa fedha ni nani

Chumba kimoja kupangishwa watu watatu kwa siku moja si hadithi ya kutunga. Aliyekufungulia mlango anaweza kuwa mpangaji anayehama, mtoto wa mwenye nyumba, au tapeli mwenye funguo za kuazima.

Omba kuona karatasi yenye jina: hati, leseni ya makazi au bili ya maji. Kisha nenda ofisi ya serikali ya mtaa au kwa mjumbe na uulize, "Nyumba ile ni ya nani?" Utakwenda huko tu siku ya kujitambulisha, basi nenda mapema.

Ukiambiwa ni nyumba ya urithi, uliza msimamizi wa mirathi ni nani. Ndugu watano wakiwa hawaelewani, unaweza kumlipa kaka mkubwa Januari na kutolewa vitu nje na dada mdogo Machi. Lipa kwa benki au kwa simu, kwenye namba yenye jina lililo kwenye mkataba. Ujumbe wa muamala ni shahidi asiyesahau.

6. Nyumba za Shirika ni nzuri, kilemba ni hatari

Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa 1962, na majengo mengi ya katikati ya jiji yaliyotaifishwa kwa sheria ya 1971 hatimaye yaliingia mikononi mwake. Ndiyo maana flati za Upanga na Kariakoo zinamezewa mate: ziko mjini na kodi yake aghalabu ni nafuu kuliko ya jirani.

Njia ya kuzipata ni kuomba kwenye Shirika lenyewe. Njia ya uchochoroni ni kumpa mpangaji wa zamani kilemba, yaani fungu nono la kukuachia nafasi, huku mkataba ukibaki kwa jina lake. Ukaguzi ukipita, wewe hutambuliki. Kilemba hakina risiti, na aliyekipokea hatakaa kukurudishia.

7. Iangalie nyumba mvua ikinyesha

Kiangazi kila nyumba ni kavu. Masika ya Machi hadi Mei, na vuli ya Oktoba hadi Desemba, ndiyo misimu inayosema ukweli. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kuwaacha wengine bila makazi. Baadhi ya wakazi wa Bonde la Msimbazi walihamishiwa Mabwepande. Jangwani hadi leo mvua kubwa ikinyesha barabara hufungwa, na wewe wa Magomeni unaanza kutafuta njia nyingine ya kwenda mjini.

Kama huwezi kusubiri mvua, soma kuta. Tafuta mstari wa kahawia unaozunguka nyumba kimo cha goti, rangi mpya iliyopakwa chini tu, viroba vya mchanga kando ya mlango, kizingiti kilichoinuliwa juu kuliko kawaida. Kisha muulize mtoto wa jirani, "Mvua ikinyesha maji yanafika wapi?" Mtu mzima anaweza kukulindia bei ya mwenye nyumba. Mtoto atakuonesha kwa mkono.

8. Uliza maji yanatoka siku gani

Usiulize kama maji yapo, uliza yanatoka lini. Maji ya DAWASA kwa sehemu kubwa yanatoka Mto Ruvu, kupitia mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Mwishoni mwa 2022 mto ulipopungua, jiji liliingia kwenye mgao. Hata miaka ya kawaida kuna mitaa inayopata maji usiku wa manane, siku mbili kwa wiki.

Hivyo angalia simtanki: lipo? Ni la nani? Linahudumia wangapi? Nani anapandisha maji, na kwa umeme wa nani? Kama ni kisima, omba kikombe cha maji na kipande cha sabuni. Isipotoa povu, hayo ni maji chumvi: utafulia kwa shida, na ya kunywa utanunua. Kwenye daftari la mwezi, andika madumu unayonunua na boza unalochangia na wenzako. Mwombe mwenye nyumba pia bili ya mwisho ya maji, usije ukarithi deni la mtu.

9. Luku yako mwenyewe ina thamani kuliko marumaru

Kuna faida ya Luku binafsi ambayo wengi hawaijui. Mtumiaji mdogo wa nyumbani, yule asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, huuziwa uniti moja kwa shilingi 100, na wa kawaida 292, kabla ya kodi na tozo. Uniti 75 kwa bei ya kwanza ni 7,500. Kwa bei ya pili ni 21,900.

Sasa fikiria nyumba ya vyumba sita yenye mita moja. Hata kama kila mpangaji ana balbu mbili na feni, kwa pamoja mtapita uniti 75 mapema tu, na wote mtalipa bei ya juu. Juu ya hapo kuna ugomvi wa kila mwezi: nani ana friji, nani anapiga pasi kila asubuhi, nani ameweka jiko la umeme kisirisiri na kuziba chini ya mlango kwa kanga.

Kama Luku ni ya kuchangia, omba mita ndogo ya chumba chako na piga picha ya namba zake siku ya kuingia. Kama ni yako peke yako, ulizia ipo kwenye kundi gani la bei, na nunua umeme kidogo kwanza kabla hujalipa kodi. Uniti zikija pungufu kuliko ulivyotegemea, huenda mita ina deni.

10. Kodi ya majengo ni ya mwenye jengo

Deni hilo mara nyingi ni kodi ya majengo. Tangu Agosti 2021 serikali inaikata kupitia Luku, na tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida hukatwa 1,500 kwa mwezi, sawa na 18,000 kwa mwaka. Mwenye wajibu wa kuilipa ni mmiliki, lakini anayenunua umeme ni wewe, kwa hiyo ndiwe unayekatwa.

Usigombane, andika. Weka sentensi moja kwenye mkataba kwamba makato ya kodi ya majengo yatapunguzwa kwenye kodi ya pango, na hifadhi jumbe za manunuzi ya umeme. Mbele ya kodi kubwa 18,000 inaonekana ndogo, lakini ni yako.

11. Hesabu vijisenti vya uani

Hela ya taka, hela ya ulinzi, hela ya kufagia korido, mchango wa kunyonya choo kikijaa. Moja moja havitishi. Vikikutana mwisho wa mwezi ni kama siafu, kimoja hakiumi, ila mguu lazima uutoe. Waulize wapangaji waliopo, bila mwenye nyumba kuwepo: mwezi uliopita mlichangia nini na nini?

Ukiwa uani, hesabu pia milango na vyoo. Familia sita, choo kimoja, wote wanatoka saa 11 alfajiri: utaoga saa ngapi? Chumba masta kina kodi ya juu, lakini kwa mwenye kazi ya mapema au mwenye mtoto mchanga, nyongeza hiyo inaweza kuwa ya haki kabisa. Nyumba ya Kiswahili nayo ina hazina yake: jirani anayekuangalizia mtoto na kukuanulia nguo mvua ikianza. Hilo halimo kwenye tangazo lolote la apatimenti.

12. Ukitaka punguzo, uwe na cha kutoa

"Punguza kidogo, mama" peke yake haitoshi. Mwenye nyumba naye ana hesabu zake: ada za watoto Januari, bati la nyumba ya pili, deni la saruji. Mwenye miezi sita tayari, leo, anasikilizwa kuliko mwenye ahadi. Chumba kilichokaa kitupu muda mrefu kinapungua bei kuliko kilichoachwa jana. Uliza majirani kimefungwa tangu lini.

Njia nyingine ni matengenezo. Nyumba nyingi za pembezoni hupangishwa kabla hazijaisha: hakuna dari, choo cha ndani hakijafungwa, madirisha yana nyavu tu. Unaweza kukubaliana umalizie kwa fedha zako na zikatwe kwenye kodi. Ni mpango mzuri kwa masharti matatu: bei ya vifaa na ufundi ijulikane kabla, risiti zitunzwe, na idadi ya miezi utakayokaa bila kulipa iandikwe. Bila maandishi, umemjengea mtu.

13. Mkataba ndio ngao yako

Zamani kulikuwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi za Pango ya 1984. Ilifutwa 2005, kwa hiyo usitegemee chombo cha kumwambia mwenye nyumba kodi yake ni kubwa mno. Kilichobaki ni Sheria ya Ardhi ya 1999 na karatasi mliyosaini wenyewe. Ndiyo maana karatasi hiyo haipaswi kuwa ile fomu ya dukani ya mistari mitano.

Hakikisha inajibu haya: kodi ni kiasi gani na inaanza tarehe ngapi? Inaweza kupanda lini, na utaambiwa miezi mingapi kabla? Bomba likipasuka, koki ikiharibika au paa likivuja, nani analipa? Mwenye nyumba akiitaka nyumba yake kabla ya muda, fedha ya miezi iliyobaki inarudi lini? Na wewe ukihamishwa kikazi, je?

Wekeni sahihi mbele ya mashahidi, ikiwezekana ofisi ya serikali ya mtaa, na kila mmoja abaki na nakala. Siku ya kuingia piga picha za kuta, vitasa, masinki na kila ufa, kisha mtumie mwenye nyumba. Mkigombana, anzeni kwa mjumbe na Baraza la Kata kwa usuluhishi; ikishindikana, lipo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko hawatauliza nani alikuwa mpole. Watauliza mliandikiana nini.

14. Angalia genge kabla ya kuangalia sebule

Maisha ya Dar yanapanda bei kwa vipimo vidogo: mafuta ya kupima, mkaa wa kopo, mchele wa robo, nyanya za fungu. Anayenunua kidogo kidogo kila siku hulipa zaidi mwisho wa mwezi kuliko anayenunua mara moja, na mara nyingi sababu siyo umaskini bali ni kukosa soko karibu au mahali pa kuhifadhi.

Hivyo pima umbali wa soko kama unavyopima umbali wa kazini. Mwenye njia rahisi ya kufika Mabibo kwa ndizi na matunda, Tandale kwa nafaka, Feri kwa samaki, au Buguruni na Ilala kwa mbogamboga, anaweza kwenda Jumamosi na kikapu kimoja na kurudi na chakula cha wiki. Mkiwa majirani watatu, nunueni gunia la mchele mgawane. Mwenye jiko lake ndani anapika maharage mara moja akala siku tatu. Mwenye chumba kisicho na pa kuweka jiko anakula kwa mama lishe kila jioni, na chipsi mayai ikizidishwa mara 30 ni kodi ya pili.

15. Kodi inayofuata inaanza siku unayohamia

Kosa la bei kubwa kuliko yote ni kuishi miezi mitano kana kwamba nyumba ni ya bure. Umelipa, huna bughudha, mshahara wote ni wako. Kisha mwezi wa sita unafika na 900,000 inatakiwa kwa mkupuo, ndipo mtu anakimbilia mkopo wa simu.

Tenga kodi ya mwezi mmoja kila mwezi tangu mwezi wa kwanza, mahali ambapo mkono hauzoei kufika. Akaunti isiyo na kadi inafaa. Kikoba kinafaa. Mchezo unafaa zaidi kama mnaelewana na kijumbe: omba zamu yako iangukie mwezi wa kodi, na chagua wenzako ambao nao wana kodi za kulipa, hao hawatanii na tarehe.

Mwezi wa nne ukiisha, fungua daftari lako. Jumlisha kodi, nauli, boda, maji, Luku, taka na chakula, uone nyumba hii kweli inakugharimu kiasi gani. Kama inakubeba, mpigie mwenye nyumba wewe kabla yeye hajakupigia, na uongee naye kuhusu muhula ujao ukiwa na fedha tayari. Kama inakulemea, una miezi miwili ya kutafuta nyingine taratibu, bila kukimbizwa na mtu wa saa nane.